Merikani, King'ora na Sanda

Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo yamekuwa kama wimbo katika baraza zetu, khasa baada ya Swala ya Alasiri, kahawa inapoanza kupita na kashata ikamegwa. Husemwa kwamba mji huu ulikuwa na imani mpaka vilipokuja viwanda. Kwamba kiwanda ndicho kilichowatoa watu msikitini, kikawatoa vijana chuoni, kikavunja udugu na kuwafanya watu watumwa wa saa. Maneno hayo nimeyasikia Temeke, nimeyasikia Magomeni, nimeyasikia Mtoni matangani, na baadhi ya wenzangu wameyapandisha mpaka juu ya mimbari. Upande wa pili wapo wasomi wetu wa vyuo vikuu wasemao kinyume chake, kwamba kiwanda ndicho kilichotutoa gizani, na lau si kiwanda tungalikuwa mpaka leo chini ya makuti.

Makusudio yangu hapa ni kuyapima maneno ya upande wa kwanza, maana hayo ndiyo ya nyumbani kwetu. Wasomi wana wenzao wa kuwajibu. Nami nasema tangu mwanzo, ili msomaji asitaabike kunitafuta niliposimama: maneno hayo hayakusimama juu ya khabari za kweli. Na ubaya wake si kwamba yanakionea kiwanda, kwani chuma hakidhulumiwi. Ubaya wake ni kwamba yanatusafisha sisi.

Kwanza tuulize, viwanda vilitufikia lini? Mtu wa Dar es Salaam atakutajia Urafiki, atakutajia saruji ya Wazo Hill, atakutajia mabohari na mabomba ya moshi ya Barabara ya Pugu, ambayo leo yaitwa Barabara ya Nyerere. Hivyo ndivyo tulivyoviona kwa macho. Lakini kiwanda hufika kwa njia mbili. Hufika chenyewe kwa matofali yake na moshi wake, na hufika kwa bidhaa yake. Kwa njia hii ya pili kiwanda kilikuwa kimekwisha kutufikia zaidi ya miaka mia moja na thalathini kabla ya king'ora cha kwanza kulia Ubungo.

Litazame neno merikani, ambalo bibi zetu walilitumia kama walivyotumia neno chumvi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, akashuka Unguja. Merikebu zao nyingi zilitoka bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, nchi ambayo siku zile mito yake ilikuwa ikizungusha mashine za kusokota na kufuma usiku haujaingia vizuri zikawashwa tena. Nguo iliyotoka huko ilikuwa nzito, ngumu, haikupaushwa, na ilidumu. Ikapendwa pwani, ikapendwa bara. Ikawa si nguo tu bali fedha: ujira wa wapagazi, hongo za njiani, mahari za watu, vyote vikahesabiwa kwa jora, kwa doti na kwa mkono wa merikani.

Je, sisi tulitoa nini? Tulitoa pembe, zikaenda kukatwa vibao vya piano huko Connecticut. Na tulitoa sandarusi. Hapa naomba msomaji wa Temeke na wa Kisarawe asimame kidogo, kwani khabari hii ni ya kwao. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliozikwa mchangani mpaka ukawa kama jiwe, na mahali palipokuwa na sandarusi nyingi na nzuri ni nchi hii hii ya mrima iliyokabili Unguja, pamoja na Uzaramo. Watu waliichimba kwa majembe, wakaipeleka pwani kwa wafanya biashara, ikavushwa Unguja, ikapakiwa merikebuni mpaka Salem, ikasafishwa huko na kupikwa vanishi ya kung'arishia meza na magari ya farasi ya watu tusiowajua. Mchimbaji akarudi kwake na mikono kadhaa ya merikani. Mtu huyo, ndugu msomaji, alikuwa amekwisha kuwa mfanyakazi wa kiwanda. Tofauti ni kwamba hakukiona, wala kiwanda hakikumwona.

Na pamba ya nguo ile ilitoka wapi? Ililimwa kusini mwa Marekani na watu waliotiwa utumwani, watu wa asili ya bara letu hili, mpaka ilipokwisha vita yao ya 1861 hadi 1865. Vita ilipoikata njia ile, nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi, na jina la merikani likabaki vinywani. Basi twaweza kusema bila ya kuongeza chumvi kwamba wazee wa wazee wetu waliswali Ijumaa wakiwa wamevaa jasho la mtumwa wa Marekani, lililofumwa na kiwanda, lililolipiwa kwa jasho la mpagazi. Na nyuma ya nyumba nyingi za imani ile inayosifiwa barazani alikuwapo mtu anayetwanga bila ya ujira. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria huko Unguja na Pemba 1897, na huku Tanganyika ikangoja mpaka 1922. Atakaye kutuambia kwamba udhalimu uliingia na king'ora na aanze kuzisoma tarehe hizi tatu.

Wafumaji wetu nao? Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alizitaja nguo zilizokuwa zikifumwa mjini pale na kupelekwa mpaka Misri. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vidude vya udongo vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea pamba, ushahidi kwamba kazi hiyo ilikuwa ya watu wetu wenyewe. Nguo ya mashine ikashuka bei, na mtande wa mfumaji ukawekwa darini. Sanaa nzima ikapungua kizazi baada ya kizazi. Sijapata kusikia kwamba palisomwa khutba hata moja kwa ajili yake. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda kilikuwa mbali, na dhambi yake ikaonekana kuwa ya mbali. Bei ilikuwa nzuri. Basi.

Sasa tuje mjini kwetu. Mambo ya hapa hayakuja siku moja. Kawe palikuwa na Tanganyika Packers, kiwanda cha kusindika nyama katika makopo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, zama zile zile Wakoloni walipokuwa wakijenga kota za Temeke na Magomeni. Mwaka 1960 ikaanzishwa ALAF, watu wa mabati. Mwaka 1966 saruji ya Wazo Hill ikaanza kutoka. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na viwanda vikubwa vikatiwa mkononi mwa umma. Mwaka 1968 kikafunguliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki pale Ubungo, sehemu iliyokuwa ikihesabiwa ndani ya Kinondoni kabla haijafanywa wilaya peke yake. Kilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, jambo ambalo wale wanaolaani viwanda juu ya mimbari huwa hawalitaji, ingawa wao ndio wangelitarajiwa kulitaja kwanza. Pamba iliingia ikiwa pamba, ikatoka ikiwa khanga na vitenge: kusokota, kufuma, kutia rangi na kupiga chapa, vyote ndani ya ua mmoja. Khanga ambazo kabla yake zilipigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, zikawa sasa zatoka karibu na Manzese.

Mji ukajaa. Mwaka 1957 ulihesabiwa kuwa na watu karibu 129,000. Mwaka 1967 karibu 273,000. Na mwaka 1978 mkoa mzima ulipita 840,000. Ndugu zetu wakaja kutoka Rufiji, Kilwa, Lindi, Mafia na Uzaramo, na wengi wao hawakupata kota, wakajijengea. Hapo ndipo utakapoiona kazi ya kiwanda katika nyumba ya Kiswahili. Mpango wa nyumba haukubadilika, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kilichobadilika ni kichwani. Makuti yaliondoka, yakaja madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kupigiliwa, kisha mabati. Mvua ya masika ikaanza kupiga kelele. Kina mama waliokuwa wakifinyanga vyungu wakashindwa na sufuria, na wasuka makuti wa Mbagala wakatafuta kazi nyingine. Haya nayapita upesi, kwa kuwa hakuna ayaliliaye: sijamwona mtu barazani aliyesema atabomoa mabati arudishe makuti kwa ajili ya imani.

Kilio chao kikubwa ni saa. Basi hebu tulitazame hili kwa makini, kwani lina ukweli ndani yake.

Zamani kazi ya shamba ilipimwa kwa ngwe. Mtu alipewa ngwe yake, akaimaliza mapema akaenda zake, au akachelewa nayo. Jua lilikuwa shahidi lakini si bwana. Wakati wa Wakoloni kikaja kipande, kadi ya siku thelathini ambayo kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mtu aliweza kuzimaliza siku zake thelathini katika muda mrefu zaidi ya mwezi. Kiwanda hakikutaka ngwe wala kipande. Kilitaka mtu awe pale king'ora kinapolia na asiondoke mpaka kilie tena, mashine iwe na kazi au haina. Akawa hauzi tena kazi aliyoifanya bali auza sehemu ya siku yake. Na kulikuwa na zamu. Mtu wa zamu ya usiku alilala mchana katika chumba kimoja na watoto wanaocheza, na jirani anayetwanga, na redio ya jirani wa pili. Huu ulikuwa uzito wa kweli, na anayeufanyia mzaha hakupata kulala mchana chini ya bati la Manzese.

Lakini je, jambo hili lilikuwa geni kwa sheria yetu, hata tuseme kwamba dini ilikutwa haina la kusema? Hata kidogo. Wanazuoni wa fikihi, karne nyingi kabla ya moshi wa kwanza wa Uingereza, walikwisha kuwagawa waajiriwa mafungu mawili. Kuna ajiri mushtarak, kama mshoni na dobi, anayelipwa kwa kazi na ambaye anaweza kuwafanyia watu wengi. Na kuna ajiri khaas, aliyekodiwa kwa muda maalumu, ambaye ujira wake wampasa kwa kuutoa muda wake hata kama hakupewa kazi ya kufanya. Mtu wa zamu ni huyu wa pili. Na walisema zaidi: wakati wa tohara na wa swala za faradhi umetolewa katika mkataba huo kisheria, hauingii katika muda uliouzwa, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Basi mnyapara aliyemkatalia mtu Adhuhuri alikuwa amechukua kitu ambacho hakuuziwa. Jina lake tulijue hivyo: mwizi wa wakati. Hakuwa mashine.

Na swala zina upana. Adhuhuri haikomi kwa dakika kumi, na anayeyajua haya anajua kwamba watu wengi waliosema "kiwanda kilininyima swala" walikuwa na nafasi ya kuswali wakati wa kula. Ijumaa ndiyo iliyokuwa taabu ya kweli, na hapo wafanyakazi walibadilishana zamu, au waliswali Adhuhuri kwa dharura. Mimi nilipokuwa kijana ninasomesha Temeke, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulikuwa na darsa baina ya Magharibi na Isha. Waliokuwa wakiijaza safu ni watu wa zamu ya asubuhi, wamekoga, wamechoka, wengine wakisinzia juu ya vitabu vyao. Waliokuwa hawaonekani ni wale waliokaa kwenye bao tangu asubuhi, watu ambao hakuna king'ora kilichopata kuwaita popote. Sitaki kulifanya hili kanuni. Nasema tu kwamba nililiona kwa macho yangu miaka kadhaa mfululizo, na barazani halisemwi.

Tena kuna jambo la kufurahisha. Kiwanda kilikuja na saa ya Kizungu inayoanza kuhesabu usiku wa manane. Watu wakaisikia, wakaenda kazini kwa wakati wake, na wakaendelea kusema saa moja asubuhi jua likiwa limekwisha kutoka, kama walivyosema babu zao. Mpaka leo ndivyo tusemavyo.

Kuhusu nyumba na fedha nitasema machache. Mshahara wa mwisho wa mwezi ulileta daftari la dukani: unga, mafuta, sukari vyaandikwa, siku ya mshahara vyafutwa, kesho yake vyaandikwa upya. Ulileta upatu wa kina mama wenye tarehe isiyoteleza. Viwandani penyewe wanawake walikuwa wachache, lakini nje ya lango walikuwa wengi, na uji, maandazi, wali na maharage. Hawa mama ntilie walisomesha watoto kwa masufuria yao, na mwanauchumi akitaka kuandika khabari ya viwanda bila ya kuwataja atakuwa ameandika nusu. Mke naye akapata kuijua nafaka yake kwa hesabu, maana siku ya mshahara haikufichika, na wanaume wengi hawakulipenda hilo. Twaambiwa kiwanda kilivunja udugu. Misikiti ninayoijua mimi Temeke na Mtoni iliezekwa kwa michango ya watu hawa wa mwisho wa mwezi, na aliyeleta orodha ya michango alijua asubiri tarehe gani.

Sisemi kwamba ndani mlikuwa na raha. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilazimika kuwakataza viongozi wasiwe na majivuno na udhalimu kwa walio chini yao, na hilo halikatazwi mahali lisipokuwapo. Migomo ikafuata, na mwaka 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber waliwafungia nje wakubwa wao wakaendesha kiwanda wenyewe. Kumbuka kwamba watu wale hawakuivunja mashine. Walijua aliyewadhulumu ana jina.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike, nalo ni miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu. Vipuri havikuja, rangi hazikuja, viwanda vikafanya kazi chini ya uwezo wake. Khanga, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vikawa vya mgao na foleni. Bei iliwekwa na serikali, na kitu kinachotoka kiwandani kwa bei hiyo kilipofika mlango wa nyuma wa duka kilikuwa na bei nyingine. Tukapata maneno mapya: ulanguzi, magendo, "kitu kipo lakini hakipo".

Na kati ya vilivyokuwa adimu ilikuwamo sanda. Msomaji kijana huenda asiamini. Mwaka 1982 katika mtaa wetu alifariki mama mmoja mtu mzima, Mungu amrehemu. Alikoshwa kabla ya Adhuhuri. Wanaume wakatoka kutafuta bafta. Wakaenda duka hili, hakuna. Duka lile, hakuna. Wengine wakaelekea Kariakoo kwa miguu kwa kuwa basi halikuja. Alasiri ikaingia, tukaswali, maiti yumo ndani amefunikwa khanga zake. Mwishowe mjane mmoja jirani akafungua sanduku akatoa shuka mbili nyeupe alizozitunza tangu harusi ya mwanawe, zikapasuliwa zikatosha kumsitiri. Tukazika jua linazama. Wiki ile ile, katika duka moja kati ya yale tuliyoambiwa hakuna, bafta ilikuwa ikitoka usiku kwa wenye kuweza bei yake. Mwenye duka alikuwa mtu mpole, hakosi jamaa ya Alfajiri, na sikupata kumsikia akisema lolote juu ya viwanda.

Sheria haikuacha pengo hapa. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano, na ikikosekana kimoja chenye kumsitiri chatosha. Nguo kuukuu yafaa, kwani Sayyidna Abubakar mwenyewe, Mungu amwie radhi, aliusia azikwe katika nguo aliyokuwa akiivaa. Hivyo marehemu wetu hakupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni yule mwenye jora chini ya uvungu. Kuficha bidhaa wanayoihitaji watu ili bei ipande kuna jina lake katika vitabu, ihtikari, na hukumu yake haikungoja kiwanda. Mwaka 1983 serikali ya Edward Sokoine ilipoanza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa mali usiku, na iliyotupwa ilikuwa pamoja na vitu ambavyo jana yake viliapiwa kuwa havipo. Operesheni ile ilikuwa na makosa yake, na wapo waliokamatwa bila ya haki. Lakini nani alizificha zile nguo? Ni mashine ya kufumia? Ni king'ora? Ni sisi, watu wa pwani, wafanya biashara wa kurithi, wenye tasbihi mkononi.

Ndiyo maana nimesema maneno ya barazani yanatusafisha. Mtu akisema "viwanda viliharibu imani", basi hakuna mtu aliyeiharibu. Si mnyapara, si mwenye duka, si mnunuzi wa merikani aliyefurahia bei asiulize. Wote wamekaa barazani, na mshitakiwa ni bomba la moshi lisiloweza kujibu.

Na tazama yaliyofuata. Mwaka 1984 biashara ya nje ikaanza kufunguliwa, na chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika nchi mwaka 1985, ikafunguka zaidi. Bidhaa zikarudi madukani, sanda ikapatikana, na watu wakapumua, haki yao. Ikaja pia mitumba, marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, kwa bei ambayo hakuna kiwanda cha hapa kingeiweza. Viwanda vyetu vya nguo vikadhoofika mmoja baada ya mwingine. Urafiki kikaingizwa katika ubia na kampuni ya Kichina katikati ya miaka ya 1990, wao wakiwa na asilimia 51 na serikali yetu 49, na watu waliokuwa wamezoea king'ora kwa miaka zaidi ya ishirini wakaambiwa wabaki nyumbani. Hivyo mfumaji wa pwani akafa mara ya pili, na mara hii pia bei ilikuwa nzuri. Barazani hapakuwa na khutba.

Leo kijana wa Temeke asiyepata kazi ya mshahara hafungwi na king'ora chochote. Nenda Keko, kwenye karakana za samani zilizopangana kando ya barabara, utamkuta ameanza kupiga randa kabla jua halijatoka na anamaliza taa za barabarani zikiwaka, na mara nyingine analala juu ya taka za mbao pale pale. Hana zamu, hana mnyapara, hana mkataba. Ukimuuliza analipwa kiasi gani atakuambia, "Mzee akiuza kochi ananipa kitu." Mzee huyo ni mtu wetu, wa safu ya kwanza. Ukimuuliza yeye atakujibu kwamba huyu ni kama mwanangu, namfundisha kazi, nampa chakula, mambo ya mikataba ni ya Wazungu na viwanda vyao.

Si ya Wazungu. Kukodi mtu bila ya kuutaja ujira ni mkataba mbovu katika madhehebu yetu, na kazi ikishafanyika chini ya mkataba mbovu mwenye kazi anadaiwa ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mtu wa kazi hiyo mahali hapo, tangu siku ya kwanza, kochi liuzwe au lisiuzwe. Chakula alichompa hakihesabiwi ila kama walikubaliana kihesabiwe. Na akitaka kujua ujira wa mfano ni kiasi gani, aulize karakana tatu za jirani yake zinazolipa kwa siku, achukue la katikati, azidishe kwa siku alizofanyiwa kazi, kisha amwite kijana wampange tarehe ya kulipa.